Kutunza kwa Mikono Mitupu

Walimu wageni wakiletwa shuleni kwetu hapa Babati huniuliza swali moja, na huliuliza wakicheka: mbona wazazi wa hapa ni bahili hivi? Wanakuwa wameona siku ya wazazi. Wanafunzi wa historia wanacheza ngoma yao, akina mama wanapiga vigelegele, wanainuka, wanakwenda uwanjani wakichezesha mabega, halafu hakuna noti. Hakuna hata sarafu. Kwingine kote ngoma ikinoga mtu anatoa hela anamtunza mchezaji, anambandika kwenye paji la uso au anamchomekea kwenye kola. Kwetu, ngoma hiyo moja, wanakwenda mikono mitupu. Mimi huwajibu: kaa kitako nikusimulie, ila usinikatize, maana nikikatizwa nakasirika.

Nakasirika upesi, hilo sifichi. Wanafunzi wana jina lao la siri la kuniita, lina mambo ya pilipili ndani yake, wanadhani silijui.

Mwaka ule nilikuwa na kidato cha pili, somo la Historia ya Tanzania, na tulikuwa tumefika kwenye biashara ya utumwa. Nilikuwa naifundisha kama nilivyofundishwa: sababu ubaoni, athari ubaoni, nukuu, jaribio, basi. Wanafunzi wanakariri kwamba vijiji viliharibika na hofu ilitanda. Wanaandika "hofu ilitanda" huku wanatafuna miwa chini ya dawati. Nikasahihisha, nikawapa vema zao.

Siku hiyo nikasema misafara ilipita Kondoa na mingine ikapanda hadi pande zetu hizi. Sijamaliza sentensi, kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. Alikuwa mrefu, mtoto wa wakulima wa Nakwa, msemaji wa darasa ambaye hakuchaguliwa na mtu.

"Madam, si umuulize huyu hapa? Babu zake ndio walikuwa wanunuzi."

Akamwonyesha kwa kidole binti aliyekaa mbele, karibu na dirisha. Darasa zima likaangua kicheko.

Binti huyo baba yake ana duka la kanga na vitenge karibu na soko. Ukoo wao ulitoka pwani zamani, lakini yeye kazaliwa hapa, baba yake kazaliwa hapa, na ukifumba macho ukamsikiliza anavyoongea huwezi kumtofautisha na wenzake wa Nangara au Maisaka. Siku ile hakulia. Alifunga zipu ya begi lake taratibu, akarekebisha ushungi wake, akaangalia ubao mpaka kengele ikalia.

Mimi nililipuka. Niliwafokea mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia. Kufoka kulisaidia nini? Hakuna. Tangu siku hiyo, binti akipita mlangoni kuna mtu anatikisa mnyororo wa kufuli, cheng'e cheng'e, na wengine wanakohoa kuficha kicheko. Ukigeuka, wote malaika. Wiki iliyofuata binti hakuja shule.

Nikaenda dukani. Baba yake, mzee wa kofia ya kushona kwa mkono, alikuwa anakunja vitenge.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu, kaa." Akaagiza chai ya tangawizi kabla sijasema kilichonileta, kisha akasema yeye. "Mwanangu hajambo, hana homa. Ila shuleni kwenu simwoni akimaliza mwaka. Nimeongea na shangazi yake Kondoa. Mkifunga shule, namchukulia uhamisho."

"Mzee, ule ni utoto tu."

"Si utoto." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. "Na mimi niliambiwa hivyo hivyo nikiwa na umri wake, hapa hapa mjini. Nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka nimeota mvi, mwalimu. Huyu sitaki anyamaze kama mimi. Na amekataa kunitajia nani kasema."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia la stoo.

"Baba, mimi sijasema nataka kwenda Kondoa."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka wao waache."

Mdomo wangu ukanitangulia, kama kawaida yake. "Mzee, nipe mpaka siku ya wazazi. Mrudishe darasani, na siku hiyo uje uone mwenyewe."

"Nije nione nini?"

Ningejua basi! "Wewe njoo tu, mzee."

Aliweka chini kitenge alichokuwa anakikunja. "Nitakuja," akasema. "Lakini nikiona mtu anamcheka mwanangu, mtu mmoja tu, hatusubiri likizo. Kesho yake anapanda basi."

Nilirudi shuleni najilaumu kwa kuahidi hewa. Uwanjani kikundi cha ngoma kilikuwa kinafanya mazoezi. Shule zetu hizi ngoma ina kazi moja tu: kumkaribisha mgeni rasmi. Watoto wanavaa vitenge, wanaruka, wanaimba karibu mgeni wetu karibu sana, mgeni anatabasamu, basi. Na yule kijana mrefu alikuwa mbele kabisa. Darasani hakai kitako hata dakika, lakini pale ngoma ikibadilika na yeye kabadilika, ikinyamaza kanyamaza, jicho halibanduki kwa mpigaji. Nikasimama nikamwangalia. Nikajisemea, kumbe huyu anajua kusikiliza, ni mimi tu sijampigia ngoma.

Mkuu wa shule nilipomwambia alivua miwani. "Utumwa? Kwa ngoma? Mwalimu, watu watakula pilau baada ya hapo." Nilimng'ang'ania mpaka akachoka. Alikubali kwa sharti iwe fupi na mgeni rasmi asilizwe.

Mazoezi ya kwanza tulisukuma madawati ukutani. Binti alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na begi mgongoni, kama anayejiandaa kuondoka. Nikasema: tutaonyesha msafara, nani awe nani? Weee! Kila mtu alitaka fimbo ya mwenye msafara. Wavulana karibu wagombane. Hakuna hata mmoja aliyetaka kufungwa kamba. Kisha kauli ikatoka katikati yao, sikuona ya nani: "Mwenye msafara awe yeye, Madam. Yeye ndio anajua."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niwashe moto, lakini binti aliwahi.

"Sawa. Nipeni fimbo."

Akaichukua. Akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya yule kijana mrefu. "Piga magoti."

Kijana akacheka. Yeye hakucheka.

"Nimesema piga magoti."

Darasa likatulia. Kijana akanitazama mimi nimwokoe, na mimi, Mungu anisamehe, nilinyamaza makusudi. Hakupiga magoti. Masikio yalimwiva, akabaki amesimama.

"Unaona," binti akasema. "Hata kwa kuigiza hutaki. Basi na mimi sitaki." Akaweka fimbo chini kwenye sakafu.

Kutokea hapo nikapata kanuni yetu, na mpaka leo ndiyo tunayoifuata. Hakuna mwenye nafasi yake. Kuna kamba, kuna fimbo, na vyote vinazunguka. Ngoma ikibadilika mdundo, kamba inahama inakwenda kwa mwingine, fimbo inahama. Usiye na kitu mkononi unageuza mgongo, unakuwa mtu aliyeona akanyamaza. Kila mtoto atapita kila mahali kabla ngoma haijaisha. Hatua walizitunga wenyewe, mimi magoti yangu hayawezi. Wa fimbo anakanyaga kwa kishindo, wa kamba anaburuta mguu wa kushoto. Kamba yenyewe ilikuwa ya kufungia ng'ombe, ililetwa kutoka nyumbani kwa mmoja wao, ngumu, inanuka zizi. Mtoto wa kwanza kufungwa aliingia akitabasamu na akatoka hatabasamu.

Nikawapa na kazi: waulizeni wakubwa nyumbani, njia hizo wanazikumbukaje? Wengi walirudi mikono mitupu. Wameambiwa, hayo yaache. Yule kijana mrefu hakurudi na jibu siku hiyo wala iliyofuata. Kisha asubuhi moja nikamkuta mlangoni pa ofisi ya walimu, amening'iniza mikono.

"Madam, nimemuuliza bibi."

"Ehe?"

"Kasema ilikuwa njaa. Kwenye ukoo wetu kulikuwa na mtoto wa kike. Mjomba wake mwenyewe alimpeleka kwa watu wa msafara. Akarudi na kapu la mtama." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Bibi kaambiwa na bibi yake. Kasema mtama ule waliula, ndiyo maana sisi tupo. Walionunua ni wale, Madam. Lakini aliyempeleka ni sisi."

Nilimgusa bega. Nikamwambia halazimiki kumwambia mtu yeyote.

Kesho yake alikuja na kapu. Kapu la kawaida la nyumbani, tupu. Akaliweka katikati ya darasa, akawasimulia wenzake, mwenyewe, bila kuinua macho, mwanzo mpaka mwisho. Alipomaliza hakuna aliyekohoa. Binti alikuwa anamtazama tu. Kijana hakumwomba msamaha, na binti hakumdai. Lakini tangu siku ile mnyororo wa mlangoni haukulia tena, na ngoma yetu ikawa na vitu vitatu vya kuzunguka: kamba, fimbo na kapu.

Kilichotushinda ni mwisho. Nani afungue kamba? Tuligombana, jamani! Mmoja akasema waje wazungu na meli, kama kitabuni. Wakamzomea, kwamba wazungu nao walikuja na kamba zao. Mwingine akasema serikali. Binti akasema akijifungua mwenyewe ni uongo, maana fundo la ng'ombe hulifungui ukiwa umefungwa wewe. Nikawaambia basi, ngoma inyamaze tu, kamba ibaki mkononi mwa yeyote itakayemkuta. Haikuniridhisha, lakini siku zilikuwa zimekwisha.

Siku ya wazazi ikafika. Turubai, viti vya plastiki, Mlima Kwaraa umevaa wingu lake, jikoni sufuria za pilau zinafoka. Mgeni rasmi yuko meza kuu na chupa yake ya maji. Mzee wa duka alikaa safu ya tatu, mwisho, karibu na njia. Nilimwamkia, akaniitikia kwa adabu, na macho yake yakarudi uwanjani. Nilijua anahesabu vicheko.

Wakaanza. Ngoma tuliazima kanisani, na ndoo mbili za plastiki zikasaidia. Kamba ilianza kwa mmoja, ikahama. Fimbo ikahama. Kapu likapita mkono kwa mkono. Vumbi likapanda, miguu ya kushoto inaburutwa, wasio na kitu wamegeuza migongo, na mimi nikaona watu wazima wanaacha kupiga soga. Kule nyuma bado kulikuwa na kelele za watoto wadogo, lakini mbele kote kimya. Mdundo ukabadilika, kamba ikaja kwa binti. Akanyoosha mikono akafungwa. Akaanza kuburuta mguu, kichwa juu.

Alicheza vizuri mno. Hilo ndilo lililoleta balaa.

Mama mmoja wa safu ya mbele, mnene, mkunjufu, ambaye kwa ngoma hapitwi, akapiga kigelegele. Akainuka. Akaja uwanjani anakata kiuno, noti juu, akambandika binti kwenye paji la uso. Lo! Ndiyo desturi, ngoma ikinoga unatunza, na hakuna hata mmoja wetu aliyeifikiria. Wa pili akainuka. Wa tatu akafungua pochi. Mkuu wa shule anapiga makofi kwa furaha. Wanamzunguka mtoto aliyefungwa kamba, wanacheka, wanampa hela. Na pale safu ya tatu mzee wa duka naye akasimama.

Nikasema moyoni, yamekwisha. Kondoa.

Binti akasimama. Ngoma ikafifia, ndoo zikanyamaza. Kwa mikono yake iliyofungwa akabandua ile noti kwenye paji la uso, akakunja goti kama mtoto aliyelelewa, akamnyooshea yule mama kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama. Hapa nimefungwa. Sasa hela hii umenitunza, au umeninunua?"

Hakusema kwa kiburi. Aliuliza tu, na kwa ule ukimya kila mtu alisikia.

Yule mama alibaki mdomo wazi. Akaitazama noti, akaitazama kamba, akaitazama noti tena. "Mungu wangu," akasema, akajifunika uso kwa kanga. Wale wengine mikono ikawashuka. Mgeni rasmi, ambaye mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni mwa koti, akautoa polepole mtupu. Sijawahi kufundisha kipindi hata kimoja, kwa miaka yangu yote, kikaingia namna ile. Hakuna aliyekuwa anakariri athari pale. Watu wazima walikuwa wamejiona.

"Ngoma!" nikapaza sauti, maana ningengoja kidogo tu ningelia. "Piga ngoma!"

Ikapigwa. Mdundo ukabadilika, kamba ikahama kama kanuni inavyosema. Ikamwangukia kijana mrefu. Binti ndiye aliyemfunga, na fundo alilifunga vizuri, kama alivyofundishwa na wenzake wafugaji. Kijana akaanza kuburuta mguu. Na hapo ndipo mzee wa duka akaanza kutembea.

Alikuwa na noti mkononi, niliiona kwa macho yangu, alikuwa amesimama kumtunza mwanawe kabla maneno hayajasemwa. Akaikunja, akairudisha mfukoni. Akaingia uwanjani mikono mitupu. Hakuwa mtu wa ngoma, mabega yake yalikwenda huku na mdundo ukaenda kule, na watoto wa nyuma walianza kucheka, halafu wakaacha. Akafika kwa kijana mrefu. Akashika fundo, akaanza kulifungua.

Thubutu! Fundo la ng'ombe na mzee wa vitenge? Alivuta huku, likakaza. Alivuta kule, likakaza zaidi. Jasho likamtoka chini ya kofia. Nilikuwa karibu, nikamsikia kijana akimnong'oneza, "Vuta huo wa chini, mzee. Huo wa chini." Akavuta wa chini. Kamba ikaachia, ikaanguka vumbini.

Ngoma ikanyamaza yenyewe, sikutoa ishara. Mwisho tuliougombania mazoezi yote ulikuwa umekuja kutoka safu ya tatu. Vigelegele vilivyopigwa hapo, haki ya Mungu, walivisikia sokoni. Yule mama mnene alirudi uwanjani anacheza na kulia kwa pamoja, viganja wazi, anavionyesha juu kwamba havina kitu. Wakamfuata wengine. Ndiko huko kutunza kwetu mnakokuita ubahili.

Wakati wa pilau mzee alinijia na sahani yake. Binti alikuwa pembeni yangu, vumbi mpaka magotini, ushungi umekaa upande. Mzee alikula kijiko kimoja, akatafuna, akanitazama.

"Mwalimu, yule kijana niliyemfungua. Ni mtoto wa nani?"

Kijiko changu kilisimama hewani. Niseme nini? Kwamba ndiye? Nikamtazama binti. Yeye hakunitazama.

"Nasoma naye, baba," akasema. "Tunakaa dawati moja."

Uongo mtupu! Yeye alikaa mbele dirishani, mwenzake nyuma ukutani. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula. "Mjini hapa pana vijana wana adabu," akasema. Kisha, kama mtu anayezungumzia bei ya vitenge: "Shangazi yako nitampigia. Nitamwambia kama ana hamu na wewe, aje yeye huku."

Jumatatu niliingia darasani asubuhi na chaki zangu. Dawati la mbele, karibu na dirisha, lilikuwa wazi. Nyuma kule ukutani kijana mrefu alikuwa amejibana mwisho wa benchi, magoti nje, na katika nafasi aliyoiacha, binti alikuwa anatoa vitabu kwenye begi. Nikawafokea wote wafungue madaftari, upesi, maana nilikuwa naelekea kulia mbele yao.